Mgongo wa Mama Mkuki

Alhamisi, 12 Juni 2025

Kaka Isidori amekuja na CD kutoka mjini Katesh! Gemu letu la silaha, toleo jipya — la 3D. Kwenye lile la zamani wapiganaji walikuwa bapa kama picha ya kalenda: mbele, nyuma, kuruka, basi. Hawa wanazunguka. Leo hatukupigana, tumewageuzageuza tu kuwaangalia. Nimeuona mgongo wa Mama Mkuki, mpiganaji wangu. Miaka mitatu nacheza naye, sikujua kama kasuka nywele mkia mpaka kiunoni! Nimefurahi kijinga.

Ila nikiri hapa, maana kwingine siwezi. Miaka miwili nampa Isidori ushindi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika pedi ya gemu. Siku nilipompiga mara ya kwanza, kesho yake nilimpa shikamoo akaitikia huku anatazama kuku. Likizo nzima hakucheza na mimi. Tangu hapo nina mbinu: shoka la mpiganaji wake likishuka nabonyeza juu, naruka, linanikuta hewani. Naanguka. Anacheka. Amani.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeharibu. Kwenye hili jipya, kubonyeza juu si kuruka. Ni kupiga hatua pembeni! Shoka likashuka, nikabonyeza ili nife kama kawaida — Mama Mkuki huyo pembeni, shoka likachimba udongo, mgongo wa Isidori uko wazi mbele yangu. Kidole kikafanya chenyewe. Mara tatu.

Nimeshinda. Akaweka pedi chini taratibu, akaenda kupura maharage bila kuambiwa. Isidori!

Jumamosi, 14 Juni

Shikamoo. Marahaba. Kuku tena.

Jumatatu anarudi chuoni. Nimeosha sufuria moja mara mbili.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa, tukiwa njiani, akaniuliza kule kujirusha kwangu kwenye shoka kulianza lini. Nikatazama viatu. Nikasema tangu Fomu Wani. Akatembea huku anakunja vidole kimoja kimoja mpaka tukafika kwenye miti ya jirani. Alikuwa anahesabu likizo, nadhani. Halafu akacheka — ila kidogo.

"Zita, leo usinihurumie. Kama ni kupigwa, nipigwe kweli."

Raundi ya kwanza kashinda yeye, kihalali kabisa. Ya pili mimi. Ya tatu, wote tumebakiza uhai kidogo, mama akaita kutoka nje: manyunyu yanalowesha maharage, na sisi watu wazima tunagombana na televisheni. Mbio na turubai! Yeye pembe ile, mimi hii, upepo unalinyanyua, tunacheka mpaka mama naye akacheka. Ushindi wa nani, hakuna aliyeutaja.

Sasa anaosha miguu. Gemu tumelisimamisha: shoka liko juu, Mama Mkuki kasimama chini yake, mkia umerushwa na upepo. Kushoto kwake pako wazi. Hatua moja tu.

Amekuja. Ameipangusa pedi yangu kwa shati lake la kanisani, ananinyooshea. Anauliza naandika nini saa hizi, au naomba msaada wa malaika.

Kushoto napaona. Ngoja —