Maumivu kwa Kijapani

Keroka, 4 Machi 2007

Kwamboka mwanangu,
Umeamkaje huko kwa joto? Sisi wazima. Barua yako nimemsomea Mama Joram mara mbili, hasa pale yule bibi Mjapani unayemtunza anapokutajia maumivu yake: zukizuki, kichwa kinapopwita, kirikiri, tumbo linapochomwa, shikushiku, maumivu madogo yasiyoondoka. Kanisani sasa wananiuliza, "Mama Kwamboka, leo una maumivu gani?" Ati daktari mzima wa Doha anangoja binti yangu amfasirie! Mtoto wa nani mwingine? Usimfundishe mtu hayo maneno. Uwe wewe tu.
Mama yako wa kuringa

Al Rayyan, 20 Juni 2007

Mama mpendwa,
Hujambo? Mimi mzima. Mkataba umeisha, nikaomba kuja nyumbani. Mwanawe bibi, ndiye mwajiri wangu, amekataa kutia sahihi ruhusa ya kutoka, na bila hiyo sipiti uwanja wa ndege. Hakunifokea. Aliinama akasema, "Mimi niko kwenye mitambo ya gesi wiki nzima. Ukienda, nani atamwambia daktari mama anaumwa vipi?" Pasipoti yangu ameifungia kabatini.
Binti yako

Keroka, 2 Agosti 2007

Kwamboka wangu,
Pole, mama. Huku tuko sawa. Mimi nina shikushiku tu hapa ubavuni, usijali. Kama maneno ndiyo yamekufunga, yatupe. Bibi akisema kirikiri, mwambie daktari hujui. Wakiona huna faida watakuachilia. Kanisani nitasema umemaliza Kijapani chote, ndiyo maana umerudi.
Mama yako

Al Rayyan, 15 Septemba 2007

Mama,
Ubavu unaendeleaje? Nilijaribu. Bibi alishika tumbo: "Kirikiri." Daktari akanitazama. Nikasema sijui. Bibi akarudia polepole, akidhani ni yeye amekosea kutamka. Nikakuona wewe pale kitandani. Nikamfasiria daktari. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, amepona. Sasa mwajiri ananishukuru kila asubuhi, na habari ya safari hataki hata kuisikia. Mama, nenda hospitali. Usiniandikie tena "shikushiku tu".
Kwamboka wako

Keroka, 11 Novemba 2007

Kwamboka,
Salamu nyingi. Anaandika jirani yetu Phoebe, mimi nasema kutoka kitandani. Ulifanya vizuri kumsemea bibi. Nimemhadithia kila muuguzi wa wodi hii. Daktari aliniuliza naumwaje, nikamwambia ilikuwa shikushiku, sasa ni kirikiri. Akauliza ni lugha gani. "Ya binti yangu," nikasema. Alicheka mpaka aliponigusa ubavu.
Niulizie bibi jambo moja. Wajapani wanayaitaje yale maumivu ya kumngoja mtu, yanayokaa hapa chini ya shingo? Hayo ndiyo yananizidi.
Mama yako, bado naringa