Hati ya Tarehe Nne Machi

Ruiru, 11 Mei 2025

Kwa Baba,

Natumai u mzima na kikohozi kimepungua. Mimi sijambo, ila bweni lina baridi.

Mitchell, binti yako mkubwa, alikuja kuniona. Amesema unaandika ombi la habeas corpus, la kuitaka mahakama iamue kama kifungo chako bado ni halali, mwenyewe, bila wakili, na kwamba yeye ndiye atakayeapa hati ya kiapo ya kuliunga mkono. Alishika karatasi zako kama mtu aliyepewa zawadi mbele ya shule nzima. Nilipomwambia mimi ndiye niliyekusomea Katiba, alicheka: "Wewe shughulika na vitabu, profesa."

Baba, kwa nini yeye? Mama yake mliachana hata kabla sijazaliwa.

Binti yako,
Dorine

Thika, 18 Mei

Dorine mwanangu,

Kikohozi kimeisha. Hapa gerezani Kivuva, jirani yangu wa kitanda, sasa ananiita "Mheshimiwa" na anataka nimwandikie rufaa.

Nimeeleza hivi: walianza kuhesabu kifungo changu siku ya hukumu, Oktoba 2023, ilhali nilikamatwa tarehe nne Machi mwaka huohuo na sikutoka rumande hata siku moja. Miaka mitatu, ukiondoa theluthi ya nidhamu njema, iliisha Machi hii. Tangu hapo nimefungwa bure. Mitchell ataapa mbele ya kamishna wa viapo, apeleke kila kitu masjala ya Mahakama Kuu, kisha nakala kwa Mwanasheria Mkuu.

Mpe ile hati ya mashtaka niliyokuachia. Ndiyo yenye tarehe ya kukamatwa.

Baba yako

Ruiru, 25 Mei

Kwa Baba,

Nashukuru kwa kuwa umepona. Hati nimeitafuta, sijaiona. Labda Mitchell ataweza bila hiyo, kwa vile anaweza yote.

Dorine

Thika, 12 Juni

Dorine mwanangu,

Habari za masomo? Juzi tulisikizwa. Jaji aliniuliza, "Bwana Obiero, ushahidi wa tarehe ya kukamatwa uko wapi?" Nikasema, "Mheshimiwa, ulipotea." Akaahirisha hadi tarehe tatu Julai.

Uliuliza kwa nini Mitchell. Kwanza, yeye ana kitambulisho. Wewe una miaka kumi na saba. Pili, anayeapa anaweza kuitwa ahojiwe, na aliitwa. Wakili wa serikali alimuuliza, "Huyu alimwacha mama yako. Unamtetea kwa nini?" Mitchell akalia mbele ya watu wote, kisha akasema, "Kwa sababu ni baba yangu pia."

Sikutaka uulizwe hivyo wewe.

Baba yako

Ruiru, 15 Juni

Kwa Baba,

Sijui niulizeje hali yako leo.

Hati haikupotea. Ilikuwa ndani ya jalada la kitabu changu cha Historia. Mitchell aliponiomba nilimtazama usoni nikasema sina. Nilitaka ashindwe, mje kunitafuta mimi. Sikufikiria kwamba atakayeshindwa ni wewe.

Leo nimempa. Aliisoma tarehe, akasema, "Sawa, Dorine," akaenda zake. Hakuniita profesa. Heri angenipiga kofi.

Na bado namwonea wivu, Baba. Alilia mahakamani kwa ajili yako, na mimi wakati huo nilikuwa darasani nikinakili ramani.

Nisamehe.
Binti yako,
Dorine

Ruiru, 10 Julai

Dorine,

Tunaendelea vizuri. Sikukujibu mapema kwa sababu kila niliposhika kalamu nilikasirika. Siku ishirini na tatu, kutoka kusikizwa kwa kwanza hadi kwa pili, siwezi kuilaumu serikali. Hizo ni zako.

Jaji aliitazama hati, akamuuliza wakili wa serikali kama ana pingamizi. Hakuwa nalo. Niliachiliwa jioni hiyohiyo.

Nalala kwa Mitchell. Nimemchokoza makusudi aseme ulivyomfanyia, naye akaniambia, "Mzee, kunywa chai."

Jumapili ni siku ya kutembelewa. Tutakuja wawili, na hasira yangu nitakuja nayo. Usijifiche maktaba. Njoo hadi getini, na kabla hujanisalimia mimi, msalimie dada yako.

Baba yako