Bi Harusi wa Ras Mkwaju

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Kazi mpya! Au tuseme ileile, mzigo umeongezwa. Ndugu Wilbert, meneja wetu, kaniita ofisini asubuhi. Wageni wamechoka kuota jua, kasema, sasa wanataka mizimu. Na magofu ya Ras Mkwaju si yako hapohapo nyuma ya ua wa hoteli? Basi kuanzia Jumatano, saa kumi jioni, mie niache risepsheni niwatembeze huko nikiwasimulia. Kisa Kiingereza changu cha shule ya masista.

Nikamuuliza nisimulie nini. "Wewe Bernadeta hukosi la kusema."

Mie mtu wa Masasi! Mwaka mmoja tu Dar. Mizimu ya pwani naijulia wapi?

Jumanne, 7 Agosti

Nimekwenda mchana peke yangu kuangalia. Nyumba sita za mawe, mapaa hakuna. Mpishi anasema zamani matajiri wa mjini walikuwa wakija hapa kupunga upepo. Sasa majani, mijusi, makaburi mawili matatu. Nyumba ya tatu ina ngazi ya mawe inayopanda, inapanda, halafu basi. Inaishia hewani. Nikasimama chini yake. Baridi! Saa saba mchana, jua kali, na mikono imenisisimka. Sikukaa.

Jioni, nyumbani Mwananyamala, nimetunga. Bi harusi. Nimempa jina Mwamvita, maana linasikika la kipwani. Siku mbili kabla ya ndoa anapanda ngazi, haonekani tena. Nimemsomea dada Anastasia. Kajifunika kanga mabegani, kasema mambo hayo niyaache hukohuko kazini.

Jumatano, 8 Agosti

Imefana! Wageni kumi na mmoja. Nassibu wa baa katufuata nyuma na kreti ya soda. Kwenye ngazi mama mmoja wa Kiswidi kanishika mkono hadi nimemaliza.

Ila kitu kimoja. Nilisema bi harusi alikuwa na hina mkono wa kulia tu, wa kushoto haukuwahi kupakwa. Hili sikuliandika. Nimefungua daftari sasa hivi kuhakikisha—halimo. Lilikuja tu mdomoni, kama mtu anayekumbuka.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimetoka kazini, getini mwanamke ananingoja. Miaka arobaini hivi, sinia la samaki wa kukaanga chini miguuni pake. Shangazi yake Nassibu. Bi Hamisa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nani kakwambia habari za dada yangu?"

Nikadhani kanifananisha. Hapana. Alikuwa na dada, Mwamvita, wakikaa kijiji cha hapahapa jirani na magofu. Mwaka arobaini na moja, siku mbili kabla ya ndoa, akatoweka. Wazee wakasema kakimbia na mwanamume. Baba yao akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Mama yao kafa hajamsamehe.

Nikasema labda nimeokota jina mahali. Majina si yanafanana?

"Na hina?" kasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Mie ndiye niliyeshika bakuli. Tukaitwa kula tukiwa tumemaliza mkono mmoja. Tuliporudi hayupo. Hilo sijamwambia mtu. Mtu yeyote!"

Samaki wake hakuwauza leo. Kaondoka nao vilevile.

Jumamosi, 11 Agosti

Sikulala vizuri. Nimemwomba Ndugu Wilbert anibadilishie kazi. Kacheka. Wageni wameandika kitabuni kuwa hawajapata kuona matembezi kama yale. Jumatano tena.

Jumatano, 15 Agosti

Niliamua kuibadili hadithi. Imalizike vizuri, yaishe.

Bi Hamisa alikuja. Kasimama nyuma ya Wazungu, kavaa buibui la kutokea, Nassibu anamtafsiria sikioni. Tulipofika kwenye ngazi nikasema kwa Kiingereza: bi harusi alikimbia na baharia, wakaishi Lamu, wakazaa watoto saba. Wageni wakacheka, wakapiga makofi.

Nassibu akatafsiri. Nikamwona Bi Hamisa anageuza uso ukutani. Ndipo nikaelewa. Nimemwambia palepale uongo uleule aliolishwa miaka yote.

Nikasema, "Hapana." Kwa Kiswahili. "Hakukimbia. Yuko hapa chini ya ngazi."

Sauti ni yangu. Niliisikia kama wengine walivyoisikia.

Wageni hawakuelewa. Mmoja kapiga picha.

Alhamisi, 16 Agosti

Bi Hamisa kaja mpaka Mwananyamala, kaulizia nyumba kwa nyumba. Dada Anastasia kamkaribisha chai. Nikapiga magoti mbele yake. Nikaapa kwa jina la Bikira Maria: nimetunga, mama, tangu mwanzo hadi mwisho. Mie mwongo. Sijui kitu.

Kaninyanyua. Mikono yake inanuka mafuta ya samaki.

"Sawa, mwanangu. Umetunga. Mimi nitachimba. Nisipomkuta, nitakuwa nilivyokuwa jana. Nikimkuta, basi hakukimbia, na nitamsomea hitima kama mtoto wa watu."

Nassibu naye kaja baadaye na ujumbe wa meneja, habari zimeshamfikia: magofu ni mali ya umma, jembe likiingia pale nisirudi kazini.

Dada kauliza nitafanya nini.

Jumamosi, 18 Agosti

Saa tatu asubuhi. Naandika hapahapa, nimekaa juu ya ukuta uliobomoka, maana nisipoandika nitapiga kelele.

Nimekuja. Bi Hamisa aliniomba nionyeshe mahali. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Mfaume, kasimama na kofia mkononi. Kasema serikali ikiuliza atajibu yeye. Wanaochimba ni Nassibu na mwenzake Mwinjuma. Meneja yuko kwenye ua wa hoteli, anatuangalia, hasogei.

Wamefika magotini. Mchanga, vigae, mizizi.

Namwomba Mungu pasiwe na kitu. Nirudi kuwa mwongo, nipande basi nirudi Masasi. Halafu namwangalia Bi Hamisa, namwomba Mungu pawe na kitu.

Kiunoni. Mzee Mfaume kasema wapumzike. Bi Hamisa kakataa. Kaniuliza ni hapo kweli, au wasogee kidogo? Nilitaka kumwambia sijui. Nikamwambia, "Kushoto kidogo, mama. Amelalia ubavu."

Wamesogea kushoto.

Mwinjuma kaacha jembe. Sasa anafukua kwa mikono. Mzee Mfaume anasoma kitu midomo ikicheza. Kuna kitambaa, au mzizi, kutoka hapa sioni vizuri.

Bi Hamisa haangalii shimoni. Ananiangalia mimi. Anauliza, kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mgonjwa—

"Na nani alikupigia mluzi, dada, sisi tulipokwenda kula?"

Mluzi sikumtajia mtu. Wala humu sikuuandika. Na jibu ninalo