Mfereji Kwenye Paipu ya Bwawa

Jumanne. Mvua imeanza.

Nani huweka mfereji, koki ya kufungia maji, kwenye paipu kama ile? Niliichora mimi mwenyewe, itoe maji yanayojikusanya chini ya sakafu ya zege, pale bwawa linapomwagia likijaa. Yakikosa pa kutokea, yanaisukuma sakafu kutoka chini mpaka inyanyuke, na bwawa libomoke. Leo nimekuta kona moja imeshanyanyuka. Kidole changu kimeingia kwenye ufa.

Aliyeuweka ni Mama Chebet, nyumba yake iko hapo chini ya bwawa. Anachota maji, kisha anaufunga vizuri yasipotee. Na huku kwetu maji yalivyo shida, nani angemlaumu?

Mimi nilimlaumu. Niliung'oa kwa hasira, maji yakaruka na matope.

"Sasa injinia, yamwagike hivyo bure?"

"Yaache, mathe! Ukiyafungia yataondoka na nyumba yako."

Akainua mtungi wake. Nilidhani ameelewa. Lakini nikiondoa gari nilimwona kwa kioo akiokota gunzi la mahindi, kama lile analozibia mtungi.

Nikajiambia ni la kuwasha moto.

Sasa niko nyumbani, nampigia, simu yake imezimwa. Mvua inazidi, na lile gunzi lingetosha kabisa kwenye ile paipu.

Funguo za gari nimeziweka wapi?