Dada Konso, Kiti cha Akina Mama Kimeondolewa

Dada Konso,

Nilitaka nianze na salamu, lakini nina hasira, na wewe mwenyewe hukupenda mtu azungukezunguke.

Wiki iliyopita nilikuwa maktaba ya chuo, kwenye meza ya kona uliyotutengea ulipokuwa mhudumu pale, sisi Warundi wa mtaa wa Blacktown na Walatino wa mtaa wa Fairfield, watoto wa wahamiaji, wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu. Akaja Luz, binti wa Kikolombia wa mwaka wa kwanza, na mama yake. Unawajua mama zao, ni kama zetu tu: binti hapandi treni ya jioni peke yake. Mama akakaa pembeni anafuma, hana neno na mtu. Mhudumu akaja kumwambia wasio wanafunzi watoke. Wakatoka wote wawili. Luz hajarudi tena, na nasikia anataka kuacha chuo.

Mhudumu huyo ni Marisol. Ndiyo, Marisol wako, ambaye mama yake ulimletea kiti na chai mpaka binti akamaliza masomo. Nikamfuata nikamuuliza, huna haya? Akasema taratibu, "Kanuni ni ileile ya zamani. Konso alikuwa anatuficha tu."

Dada, niligeuka nikaondoka. Ulituambia, "Hapa ni kwenu, kaeni." Kumbe hapakuwa kwetu. Ulikuwa unafumba macho zamu yako ikifika, basi, na ulipofariki ruhusa ikaenda nawe. Mbona hukuwaomba wakubwa waibadilishe? Uliogopa nini? Marisol ameniudhi, lakini wewe ndiye uliyeniumiza. Halafu nakumbuka Kihispania chako kibovu, jinsi mama yake Marisol alivyokuwa akicheka hadi anafuta machozi, nami nalia kama mjinga.

Sasa wamekipa chumba cha kusomea jina lako. Wanasema ulikuwa mfano wa kufuata taratibu. Jumatatu wanafunzi tunakutana na wakuu wa maktaba. Nitaomba wazazi waruhusiwe kukaa, ruhusa iandikwe, isitegemee huruma ya mtu. Wataniuliza nimejuaje kwamba inasaidia. Jibu ninalo moja tu: Marisol alimaliza kwa sababu ulivunja kanuni yao.

Huenda wakaling'oa jina lako mlangoni. Lala salama, dada yangu, na unisamehe mapema, maana nitasema.

Mdogo wako,
Yvette