Mama Yetu Cicily, Keki Yako Ilikuwa Imeiva

Mwaka umetimia wiki hii, Mama, tangu uanguke kwenye shamba la sukuma wiki nyuma ya nyumba yetu hapa Kaaga, kisu mkononi na mboga za mchana kwenye aproni. Ulikuwa na miaka sitini na nane. Naandika mimi, Gatwiri, kifungua mimba wako, kwa niaba ya wote, kwa sababu kosa tunalotaka kuliungama hapa nililianzisha mimi.

Watu wa Kaaga walikujua kwa keki. Hukuwahi kuwa na oveni. Ulikuwa na jiko la makaa, sufuria nzito, na makaa mengine juu ya mfuniko, na joto ulilipima kwa kusogeza kiganja karibu. Karatasi za siagi hukuzitupa; ulizikunja ukazitumia kupakia sufuria mafuta. Kipande cha kwanza kilikuwa cha mgonjwa, awe yeyote yule. Na aliyethubutu kufunua mfuniko kabla ya wakati alikiona cha mtema kuni.

Kagwiria, kitinda mimba wako, alipochumbiwa na Njuki, wakwe wakapanga kuja kutoka Kanja, kule Embu, kuleta mahari. Akakuomba keki aliyoiona kwenye simu alipokuwa akisoma chuoni kule Nchiru: ya chokoleti nyeupe, nzito, ambayo wenyewe wanaiita keki ya matope. Ulicheka hadi ukakaa chini. Ukauliza ni mkwe gani atoke Embu kote huko aje alishwe matope. Lakini ulikubali, tena ukampigia simu mama yake Njuki ukamwahidi kuipika kwa mikono yako.

Mimi ndiye niliyekusomea maelezo, nawe ukayaandika kwenye daftari. Siku ya Ijumaa, wageni wakitarajiwa kesho yake, uliyeyusha chokoleti pamoja na siagi na maziwa kwenye bakuli juu ya maji ya moto, bila haraka, ukaacha ipoe kabla ya kutia mayai na unga. Makaa uliyapunguza kuliko siku zote. Ulipofunua baadaye, ilikuwa imepasuka juu na kudidimia katikati. Nikachomeka sindano ya kufumia, ikatoka na makombo yenye unyevu. Tangu utotoni ulitufundisha kwamba sindano ikitoka hivyo, keki bado ni mbichi.

"Mami, hii haijaiva," nikasema.

"Hii si kama zile zingine, Gatwiri. Inakuwanga hivyo. Iache ilale mpaka kesho."

Sikuiacha. Niliwaambia ndugu zangu kwamba macho yako yamechoka na umeandika vibaya. Kaka yetu Kirimi akatumwa mjini kununua keki nyingine; yako tukaiweka stoo, tukaifunika kwa karai. Tulikuambia asubuhi ya Jumamosi, ukiwa umeshafunga kitambaa kichwani. Ulisema tu kwamba sawa, sisi ndio tuliosoma.

Wageni walipokula, mama yake Njuki alisimama kukushukuru kwa keki mbele ya hema zima. Ungeweza kukaa kimya upokee. Ukasimama nawe.

"Asanteni, lakini hii si yangu," ulisema. "Yangu imenishinda. Ni uzee."

Watu wakacheka kwa upole. Nami nilicheka.

Jumanne iliyofuata, ukiwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, Kirimi alifunua lile karai ili awatupie kuku ile keki. Akaonja kwanza. Alitujia jikoni na sahani, tukala tukiwa tumesimama. Ilikuwa imeshikana vizuri, laini, tamu kuliko keki yoyote uliyowahi kutupikia. Nikalichukua daftari lako. Ulikuwa umeandika, kwa mwandiko ulionyooka kabisa, kwamba katikati ibaki na unyevu na ipoe humo humo hadi kesho yake. Ni maneno niliyokusomea mwenyewe.

Tulikubaliana kukuambia Jumapili. Jumapili ikafika, kila mmoja akamwachia mwenzake. Tuliona aibu, hakuna sababu nyingine. Miezi minane ikapita hivyo. Akina mama wa kanisa waliacha kukuomba keki za harusi, wakidhani wanakupumzisha. Ukanipa sufuria yako, ukasema huoni tena vizuri. Nikakupeleka kwa daktari wa macho, nikakaa nawe kwenye foleni tangu asubuhi, akakupima akasema macho yako hayana neno. Tukarudi nyumbani tukizungumza habari za mvua. Siku hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Nilikuwa na nafasi, Mama, na nikakunyamazia.

Kwa hivyo tunasema katika tangazo hili la kumbukumbu, ambalo wakwe wa Kanja na akina mama wa kanisa watalisoma: keki haikukushinda. Ulifuata maelezo neno kwa neno. Sisi ndio hatukujua tulichokuwa tunakitazama, na tulipojua, tukakuacha ubebe lawama yetu. Tunakuomba msamaha, ingawa tumechelewa.

Wanaokukumbuka ni watoto wako Gatwiri, Kirimi na Kagwiria, mkwe wako Njuki, wajukuu wako, na mume wako, Mzee Kobia. Baba hakujua lolote hadi jana, tulipomsomea tangazo hili. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza, "Kwa hivyo Mama Gatwiri alienda akijua ni yeye alikosea?"

Tulimjibu kwamba ndiyo.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.