Mwito wa Mbuzi wa Bibi Aslaug

Haugset, 20 Juni 1986

Mpendwa mjukuu wangu Torbjørg,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi mzima, ila goti la kushoto, na hilo lilikuwa bovu kabla mama yako hajazaliwa. Nimeiona picha yako gazetini. Hizo nywele umezichana au umepigwa na umeme? Hata hivyo nimeibandika chooni, mahali pekee ninapokaa kwa utulivu.

Sasa shida. Nimepandisha mbuzi kambini mlimani, kiangazi cha kwanza bila bibi yako. Jioni nawaita waje wakamuliwe, wananitazama kutoka majabalini kama sisi tunavyomtazama mchungaji akirefusha mahubiri. Walizoea sauti ya Aslaug. Yangu ni mlango usiotiwa mafuta. Viwele vinavimba, maziwa yanapotea. Bila maziwa hakuna jibini, na bila jibini mimi nafanya nini huku? Wewe bibi alikufundisha ule mwito. Njoo japo wiki moja. La sivyo nawauza wote, niende nyumba ya wazee nikachezeshwe bingo.

Babu yako,
Gunleik

Oslo, 2 Julai 1986

Shikamoo Babu,

Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Leo Stavanger, kesho Trondheim, na kila nikikaa kwenye kinanda nitunge, vidole vinakimbilia wimbo wa mwaka jana. Studio wanadai mpya. Siwezi kuja, Babu, nisamehe.

Nakutumia kaseti. Nimeuita ule mwito vizuri, kama alivyonifundisha Bibi, wapigie mbuzi. Ila mtayarishaji wangu alinisikia, akaruka kitini: "Ndio huo!" Ameutia ngoma. Umekuwa wimbo, unatoka wiki ijayo. Utakasirika?

Mjukuu wako,
Torbjørg

Haugset, 30 Julai 1986

Mjukuu wangu nyota,

Goti linakusalimu, limeomba sahihi yako.

Kaseti ilifanya kazi. Siku ya kwanza mbuzi walishuka mbio, nami nikatokwa machozi, ni moshi wa jiko tu. Kesho yake walishuka wakitembea. Halafu Dokka, mkubwa wao, akainusa redio ya kaseti, akazunguka nyuma kumtafuta mtu, hakumwona, akaikojolea. Basi.

Na huo wimbo wako! Unapigwa hadi dukani kwa Sveinung. Wageni wa hoteli wanapanda huku na kaptura zao, wanasimama juu ya lile jiwe alilokuwa akiitia bibi yako, wanaita mbuzi wangu, wanacheka, wanaondoka. Anayeita lazima awe na chumvi ya kuwalambisha mkononi, mtoto wee. Mbuzi wameitwa bure mpaka sasa wakiusikia mwito wanakimbia. Sikukasirika. Nimechoka tu. Mnunuzi anakuja na lori Jumamosi ya wiki ijayo.

Babu yako,
Gunleik

Kristiansand, 5 Agosti 1986

Babu,

Sikuulizi hali, nimeijua. Jana ukumbi mzima ulinijibu ule mwito kwa sauti moja, nikaona aibu. Sikuwa na chumvi. Usiuze. Nakuja kwa basi la Ijumaa. Jumamosi nina onyesho. Watanitafuta, wacha wanitafute.

Mjukuu wako

Haugset, Jumapili, 10 Agosti 1986

Mjukuu wangu,

Afya yako haina haja ya kuulizwa. Nakusikia kutoka hapa mezani unavyowatukana mbuzi huko zizini.

Ijumaa uliposimama kwenye jiwe ukaimba kwa ile sauti ya jukwaani, mikono umetandaza, mbuzi wakahamia mlima wa pili. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakadondoka. Lakini jana, lori limeshafunguliwa mlango, mnunuzi anatabasamu, wewe unaita na kuita, sikucheka. Mara ukapandwa na hasira: "Dokka, mwizi mkubwa we! Tumbo kama pipa! Mama yako alikuwa hivihivi! Shuka kabla sijakufuata na fimbo!"

Dokka akainua kichwa. Akashuka, wenziwe nyuma.

Ndipo nikakumbuka. Aslaug hakuwahi kuwaita bila kuwatukana, kila mmoja na uchafu wake. Marehemu tumemkumbuka kwa adabu mno, wewe na mimi, tukayasahau matusi yake. Mnunuzi ameondoka na lori tupu na kipande cha jibini, tena akakisifu.

Sasa gari la watu wako wa muziki limesimama kule barabarani. Nashuka kuwaambia umeshikwa na surua, ya kuambukiza. Ukitaka kurudi kwao kesho, rudi. Miguu yako haijapata kutulia tangu utotoni. Lakini utunge kwanza wimbo ule wa matusi.

Jambo moja sikulisema mbele ya mnunuzi. Ulipomfokea Dokka, niliinuka nikachukua ndoo ya kukamulia, nikafika nusu ya njia ya zizini ndipo nikaona nimebeba mbili: yangu na ya Aslaug.

Ya pili nimekuachia mlangoni.

Babu yako,
Gunleik